Nani Hulipa Gharama ya Kuhama? Historia Fupi ya Vivinjari

Miezi michache iliyopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alibisha hodi ofisini kwangu saa kumi na moja jioni, kompyuta yake mkononi ikiwa imefunguliwa. Aliniamkia, nikaitikia, na kabla sijamkaribisha kiti akasema, "Mwalimu, kitufe hakibonyezeki." Alikuwa akijaza fomu ya kuomba ufadhili wa masomo kwenye tovuti ya ofisi moja ya umma, ambayo siitaji kwa sababu ugonjwa wake ni wa ofisi nyingi. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa sita usiku siku ileile. Alikuwa amejaza kurasa saba, ameambatisha vyeti, na kitufe cha kuwasilisha kilibaki kimefifia kama taa iliyokatiwa umeme.

Tulipiga simu. Mtumishi aliyepokea alikuwa mpole na mwenye uzoefu wa swali hilo. "Badilisheni kivinjari," alisema, "mfumo wetu unakubali kimoja tu." Tukafungua kivinjari hicho kwenye kompyuta yangu, tukaanza upya kuanzia ukurasa wa kwanza, na ombi likapokelewa saa nne na nusu usiku. Mwenzake mmoja aliyekuwa likizoni kijijini, mwenye simu tu na bando linaloelekea kwisha, hakufanikiwa.

Wiki iliyofuata, mbele ya darasa zima, binti yule aliniuliza: "Mwalimu, sasa nihame moja kwa moja, au nibaki nilipozoea?" Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa historia na wala si fundi wa kompyuta, hivyo jibu langu lingekuwa refu. Hili ndilo jibu lenyewe. Nimeliandika hadharani kwa sababu naamini swali lake linawahusu zaidi watumishi wa umma kuliko linavyomhusu yeye.

Chombo na aliyekiunda

Neno kivinjari limetokana na kitenzi vinjari, yaani kuzunguka huku na huku kwa kutazama, kama chombo kinachofanya doria baharini. Ni neno zuri, lakini wengi wetu hatulitumii. Wanafunzi wangu husema "nimeingia Google" wakimaanisha wamefungua kivinjari, na wengine wakimaanisha mtandao wenyewe. Kuchanganya chombo na bahari kuna madhara, kwa sababu mtu anayedhani chombo ndiyo bahari hawezi kuuliza iwapo kipo chombo kingine. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuanze basi na waundaji.

Machi 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, aliandika pendekezo la kuunganisha nyaraka zilizotawanyika kwenye kompyuta mbalimbali. Kufikia mwisho wa 1990 alikuwa ameunda kivinjari cha kwanza, akakiita WorldWideWeb. Kiliweza kusoma kurasa na pia kuziandika. Muundaji wake aliwafikiria watumiaji kuwa waandishi, si wateja tu. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ingeweza kutumiwa na yeyote bila malipo. Uamuzi huo wa taasisi ya umma ndio uliowezesha kila biashara iliyofuata.

Mwaka huohuo, katika kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Marc Andreessen na Eric Bina waliunda Mosaic, kivinjari kilichoonyesha picha na maandishi katika ukurasa mmoja na kilichokuwa rahisi kwa mtu asiye fundi. Hiki nacho kilizaliwa kwa fedha za umma. Mwaka 1994 Andreessen akashirikiana na mfanyabiashara Jim Clark kuanzisha kampuni ya Netscape, na kivinjari chao, Navigator, kikaenea kwa kasi. Kampuni hiyo ilipouza hisa kwa umma tarehe 9 Agosti 1995, hisa iliyoanza kwa dola 28 ilifunga siku ikiwa imezidi dola 58. Dunia ya fedha ilikuwa imegundua chombo.

Bill Gates wa Microsoft alikuwa ameshagundua miezi michache kabla. Mei 1995 aliwaandikia wakuu wa kampuni yake waraka mrefu akieleza kwamba intaneti ni wimbi litakalobadilisha kila kitu. Agosti mwaka huo Microsoft ikatoa Internet Explorer, iliyojengwa juu ya msimbo uliokodishwa kutoka Spyglass, kampuni iliyokuwa na leseni ya Mosaic. Mahasimu wawili wakubwa wa vita vya kwanza vya vivinjari walikuwa, kwa maana hiyo, wametoka katika maabara moja ya chuo kikuu.

Ushindi uliozaa usingizi

Netscape ilizitaka kampuni zilipie kivinjari chake. Microsoft ilikitoa chake bure, kisha ikakifunga pamoja na Windows, mfumo endeshi uliokuwa kwenye zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta binafsi. Mtumiaji hakuhitaji kuchagua. Aliwasha kompyuta akakuta amechaguliwa. Hapo ndipo tunapokutana kwa mara ya kwanza na nguvu ambayo imeamua historia hii kuliko ubora wowote, nayo ni chaguo-msingi: kile ambacho kipo tayari kabla hujafikiri.

Tarehe 18 Mei 1998 Wizara ya Sheria ya Marekani, pamoja na majimbo kadhaa, iliishtaki Microsoft kwa ukiritimba. Jaji Thomas Penfield Jackson alikubaliana na walalamikaji, na Juni 2000 akaamuru kampuni igawanywe sehemu mbili. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ilitengua amri ya kuigawanya, ingawa ilithibitisha kwamba Microsoft ililinda ukiritimba wake kwa njia zisizo halali. Shauri likaishia kwenye mapatano. Wakati huo Netscape ilikuwa imeshanunuliwa na AOL, na vita vilikuwa vimekwisha uwanjani kabla ya kwisha mahakamani.

Mshindi alifanya nini na ushindi wake? Alilala. Internet Explorer 6 ilitolewa mwaka 2001, na toleo la 7 likaja Oktoba 2006. Kwa miaka mitano, katika tasnia ambayo mwaka mmoja ni umri, kivinjari kilichotumiwa na watu zaidi ya tisa katika kila kumi kilikaa bila toleo jipya huku mashimo yake ya kiusalama yakijulikana kwa kila mwizi wa mtandaoni. Waliotengeneza tovuti nao walizoea. Kurasa nyingi zilibeba maandishi ya kumtaka msomaji atumie kivinjari fulani ili azione vizuri. Yale maneno ya mtumishi kwenye simu, "mfumo wetu unakubali kimoja tu," ni mjukuu wa maandishi hayo.

Kulikuwa na njia ya kuzuia hali hiyo. Berners-Lee alikwisha kuanzisha W3C mwaka 1994, chombo cha kuandika viwango vya wazi ili ukurasa mmoja usomeke katika kivinjari chochote. Lakini viwango havina askari. Vinafuatwa pale tu ambapo mtengenezaji wa tovuti analazimika kufikiria kwamba msomaji anaweza kuja na chombo kingine.

Waliohama kwa hiari

Mwaka 1998 Netscape, ikiwa inazama, ilifungua msimbo wake kwa umma na kuanzisha mradi wa Mozilla. Kutokana na mradi huo, tarehe 9 Novemba 2004, kilizaliwa Firefox 1.0. Kilikuwa chepesi, kilizuia madirisha ya matangazo yaliyokuwa yakijifungua yenyewe, na kilifuata viwango kwa uaminifu zaidi. Mwezi uliofuata wapenzi wake walilipia tangazo la kurasa mbili katika gazeti la New York Times, likiwa na majina ya maelfu ya watu waliochanga. Ninawakumbusha wanaharakati wanaosoma hapa kwamba kumewahi kuwa na kampeni ya wananchi kuhusu kivinjari, na ilifaulu: mwishoni mwa muongo huo Firefox kilikuwa kimekaribia theluthi moja ya matumizi duniani, na Microsoft iliamka.

Tuwe makini hapa. Walionufaika na Firefox hawakuwa waliohama peke yao. Aliyebaki na Internet Explorer naye alipata toleo la 7, kisha la 8, yaliyo bora zaidi, kwa sababu jirani yake alikuwa ameonyesha kwamba mlango upo. Uwezekano wa kuondoka humfaidi hata asiyeondoka, jambo ambalo kila chama cha wafanyakazi kinalijua.

Dola zilizoshindwa kuhama

Raia mmojammoja walihama. Serikali zilishindwa. Januari 2010, baada ya mashambulizi ya mtandaoni yaliyopitia udhaifu wa Internet Explorer, mamlaka za usalama wa mtandao za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi watumie kivinjari kingine hadi tatizo lirekebishwe. Uingereza, kwa upande wake, ilikuwa na idara zilizoendelea kutumia toleo la 6. Wananchi waliposaini ombi la kutaka liachwe, serikali ilijibu katikati ya 2010 kwamba kuhama si jambo jepesi: mifumo yote ya idara ingepaswa kujaribiwa upya, kazi hiyo ingechukua miezi, na mlipakodi angebeba gharama kubwa. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ndiyo maana linatisha. Serikali ilikuwa imejenga mifumo yake kwa kufuata umbo la chombo kimoja, na sasa haikuweza kushuka.

Mfano mkubwa zaidi ni Korea Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Marekani ilipokuwa bado inazuia usafirishaji wa teknolojia imara ya usimbaji fiche, Wakorea walijitengenezea ya kwao, iliyoitwa SEED. Ulikuwa uamuzi wa kujitegemea, na mimi ningeupongeza wakati ule. Lakini ili SEED ifanye kazi ndani ya kivinjari, waliipitisha kwenye ActiveX, teknolojia ya Microsoft iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer. Sheria na kanuni za vyeti vya kidijitali zikafuata njia hiyohiyo. Matokeo yake, katika nchi yenye intaneti ya kasi kuliko nyingi duniani, mtu asingeweza kufanya shughuli za benki, kununua bidhaa au kupata huduma nyingi za serikali bila kivinjari cha kampuni moja ya kigeni. Machi 2014 Rais Park Geun-hye alilalamika hadharani kwamba mashabiki wa China walioona koti katika tamthilia ya Kikorea hawakuweza kulinunua kwenye tovuti za Korea kwa sababu ya mfumo huo. Hadhi ya pekee ya vyeti hivyo iliondolewa kisheria Desemba 2020, zaidi ya miaka ishirini baada ya safari kuanza. Microsoft ilipostaafisha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022, mhandisi mmoja wa Korea alikichongea kaburi la jiwe. Dunia ilicheka, ila nadhani Wakorea walicheka kwa sababu nyingine.

Somo la Korea linatuhusu sana. Nia ya kujitegemea ilikuwa njema, lakini iliandikwa katika kanuni kwa jina la chombo badala ya jina la kazi inayotakiwa kufanyika. Chombo kilipozeeka, kanuni ilizeeka nacho, na taifa likabaki limefungwa ndani.

Njia yetu sisi

Katika Afrika Mashariki hadithi ilipita njia nyingine. Kabla ya nyaya za chini ya bahari, intaneti yetu ilikuja kwa satelaiti, ghali na ya polepole. Nawakumbuka wateja wa migahawa ya intaneti Dar es Salaam wakifungua ukurasa, wakitoka kununua karanga, na kurudi kuukuta umefika nusu. Swali la kivinjari gani ni salama au cha haki lilikuwa la anasa. Swali lilikuwa kipi kinakula data kidogo.

Jibu lilitoka Norway. Opera Mini, iliyosambazwa duniani mwanzoni mwa 2006, ilifanya kazi kwa ujanja rahisi: ukurasa ulipitia kwanza kwenye seva za kampuni, ukabanwa, kisha ukatumwa kwenye simu ukiwa mdogo mara nyingi kuliko asili yake. Simu za vitufe zenye kumbukumbu ndogo ziliweza kusoma magazeti. Kwa vijana wengi wa kizazi hicho, mlango wa kwanza wa mtandao ulikuwa ile herufi O nyekundu. Walihama kutoka kivinjari kilichokuja na simu kwa sababu iliyo wazi: fedha mfukoni.

Kila njia ya mkato ina ushuru wake. Ukurasa unaopitia seva ya mtu mwingine unaweza kuonwa na mwenye seva, na katika ubanaji wa aina ile hata kurasa zilizosimbwa zilifunguliwa kwanza huko kabla ya kukufikia. Msomaji alilipa kwa imani kile alichookoa kwa bando. Simlaumu, hata mimi nilikitumia. Nasema tu kwamba ni biashara, na mtu anapaswa kujua amelipa kwa sarafu gani. Julai 2009 waya wa SEACOM uliwasili pwani yetu, bei zikaanza kushuka, na sababu ya kwanza ya kutumia chombo kile ikapungua uzito. Wengi walibaki nacho. Mazoea yana taabu.

Ukiritimba wa pili

Tarehe 2 Septemba 2008 Google ilitoa Chrome. Watu walihamia huko kwa sababu za haki: kilikuwa na kasi, kila kichupo kilijitegemea hivyo kimoja kikianguka vingine vinabaki, na kilijisasisha chenyewe bila kumsumbua mtumiaji. Msingi wake, WebKit, ulitoka Apple, nao ulichipuka kutoka KHTML, kazi ya wanaprogramu wa mradi huru wa KDE. Kufikia 2012 Chrome kilikuwa kimeipita Internet Explorer katika takwimu za matumizi duniani, na leo kinashika takriban theluthi mbili. Kwenye simu za Android kipo tayari mtu anapoifungua simu kwa mara ya kwanza. Chaguo-msingi, tena.

Jambo lililofuata halikuonekana kwa macho. Mwaka 2013 Google iliitenga injini yake na kuiita Blink, na Opera ikaachana na injini yake yenyewe ili kutumia msingi huohuo. Desemba 2018 Microsoft ilitangaza kwamba Edge nayo ingejengwa juu ya Chromium, na toleo hilo likatoka Januari 2020. Kwa hiyo anayetoka Chrome kwenda Edge, Opera au Brave amebadilisha sera na sura, ila injini ni ileile. Kwenye iPhone hali ni hiyohiyo kwa mlango mwingine: kwa miaka mingi Apple ilivitaka vivinjari vyote vitumie WebKit yake, hadi sheria ya Umoja wa Ulaya ilipoilazimisha kufungua mlango huko mwaka 2024. Injini kubwa zilizobaki ni tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla. Tena Mozilla yenyewe hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka kwa Google, inayolipa ili iwe injini ya utafutaji ya kwanza ndani ya Firefox.

Thamani ya chaguo-msingi sasa inajulikana kwa tarakimu, kwa sababu ilisemwa mahakamani. Katika shauri lililofunguliwa Oktoba 2020, ilibainika kwamba Google ililipa dola bilioni 26.3 mwaka 2021 pekee ili utafutaji wake uwe wa kwanza kwenye vivinjari na simu. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ni mkiritimba katika utafutaji na imelinda nafasi hiyo kinyume cha sheria. Septemba 2025 alikataa kuilazimisha iuze Chrome, lakini alipiga marufuku mikataba ya kuwatenga washindani. Hakuna mfanyabiashara anayelipa dola bilioni 26 kwa kitu ambacho watu wangekibadilisha kirahisi. Kiasi hicho ndicho kipimo cha uvivu wetu sote.

Kupima mizani

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Sababu za kubaki si za kijinga. Kivinjari kinachotumiwa na wengi hupata marekebisho ya usalama haraka, na watengenezaji wa tovuti hukijaribu kwanza. Manenosiri yako, alamisho zako na historia yako vimo humo. Kwenye simu yenye nafasi ndogo, kila programu ya ziada ni picha za familia zinazofutwa. Na kama ofisi yako inakubali kimoja tu, kuhama kabisa ni kujikatia riziki.

Sababu za kuhama nazo ni nzito. Firefox na Safari vilianza kuzuia kwa chaguo-msingi vidakuzi vya wanaotufuatilia kutoka tovuti moja hadi nyingine, cha kwanza mwaka 2019 na cha pili kikazuia vyote mwaka 2020. Google iliahidi Januari 2020 kuviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Sishangai: kampuni inayoishi kwa matangazo haiwezi kuharakisha kuziba macho ya matangazo. Kwa mwanaharakati anayefuatilia mambo nyeti, au mtumishi anayeshika taarifa za wananchi, tofauti hiyo si ndogo.

Ushauri wangu kwake ulikuwa hivi. Usihame kama mtu anayehama dini. Kuwa na vivinjari viwili vyenye injini tofauti: kimoja cha shughuli zako, kingine cha siku ambayo mfumo wa mtu mwingine utakukataa. Kuhamisha alamisho na manenosiri huchukua dakika chache, kwa kuwa vivinjari vya leo hukubali kupokea vya mwenzake. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta, gharama ya kuhama ni ndogo kuliko anavyodhani.

Lakini yule mwenzake wa kijijini hakuwa na kompyuta, hakuwa na bando la kupakua kivinjari cha pili, na hakuwa na mwalimu wa kumpigia simu ofisini. Kwake gharama ilikuwa mwaka mzima wa ufadhili. Na gharama hiyo hakuiunda yeye. Iliundwa siku ambayo mtu fulani aliandika hati ya zabuni ya mfumo ule bila kutaja viwango, na mtu mwingine akaupokea baada ya kuujaribu kwenye kompyuta moja ya ofisini.

Kwa hiyo, watumishi wa umma mnaonisoma, nawaomba mambo matatu mnapoandaa hati ya zabuni. La kwanza, andikeni kazi inayotakiwa na viwango vya W3C, msiandike jina la kivinjari. La pili, msipokee mfumo hadi ujaribiwe mbele yenu kwenye injini zote tatu, pamoja na simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa katika mji wenu. La tatu, fomu ihifadhi kile ambacho mwananchi amekwisha kujaza, ili akikwama aendelee pale alipokomea. Hayo hugharimu kidogo mwanzoni. Uingereza na Korea zinaweza kuwaeleza yanagharimu kiasi gani baadaye.

Nanyi wanaharakati, mnapodai haki ya kupata taarifa, ulizeni pia taarifa hiyo inafunguka kwa chombo gani. Haki inayopatikana kwa kivinjari kimoja ni nusu ya haki.

Binti yule alipata ufadhili, na sasa ana vivinjari viwili. Mwenzake ameomba tena mwaka huu. Safari hii alipanda basi kuja mjini mapema kwa ajili ya kujaza fomu. Niliiandikia ofisi husika barua kueleza yaliyotokea, nikaambatisha mapendekezo haya matatu. Sijajibiwa bado. Nilipofungua tovuti yao jana usiku kwa kivinjari changu, kitufe kilikuwa bado kimefifia.